Kompyuta inalia mara tano baada ya kuongeza RAM: madabodi usinunue

Swali: Nina duka la steshenari Mwanza. Nachapa kazi za watu, natoa kopi, nawasaidia wateja kujaza fomu za mtandaoni. Kompyuta yangu ni HP Compaq Elite 8300 ya mtumba, ile nyembamba, ina Core i5-3470, RAM moja ya GB 4 na hadidiski ya GB 500. Nikifungua Chrome na Word pamoja inakuwa nzito mpaka wateja wananiondokea. Fundi akaniuzia RAM ya GB 8. Tulipoiweka skrini ilibaki nyeusi, kompyuta ikawa inalia mara tano na taa nyekundu inawaka na kuzima. Tukirudisha ile ya zamani inawaka vizuri. Fundi anasema madabodi haikubali GB 8, nibadilishe madabodi au ninunue kompyuta nyingine. Ni kweli? Juu ya RAM hiyo mpya kuna maandishi yanayotaja AMD. Na kama ni kununua nyingine, ninunue ipi?

Jibu: Dada yangu, madabodi usinunue. Kompyuta nyingine nayo usinunue kwanza. Chanzo cha shida umekitaja mwenyewe mwishoni mwa swali: RAM hiyo imeandikwa AMD, na kompyuta yako ni ya Intel (hizo ni kampuni mbili tofauti zinazotengeneza prosesa). RAM ya namna hiyo haitawaka ndani ya 8300 hata ukiizungusha sloti zote nne, hata ukiisafisha, hata ukipandisha toleo la BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta). Irudishe dukani mapema, risiti ikiwa bado mkononi.

Kauli ya kwamba madabodi haikubali GB 8 nimeisikia mara nyingi, na inaniuma kwa sababu kwa ajili yake watu wametupa mashine nzima zenye afya. Hii ya kwako ilitoka mwaka 2012 ikiwa na chipseti (chipu zinazosimamia madabodi) ya Intel Q77. Ile nyembamba ina sloti nne za DDR3 (kizazi cha tatu cha RAM za DDR), na HP wenyewe wanaeleza kuwa kila sloti inabeba hadi GB 8, jumla GB 32. Prosesa yako, i5-3470, nayo kikomo chake ni GB 32. Maana yake hadi leo umekuwa ukitumia sehemu moja ya nane ya kile ambacho mashine hiyo inaweza kubeba.

Hiyo milio mitano nayo ina maana yake. Kwenye kompyuta za ofisi za HP za kizazi hicho, taa nyekundu ikipepesa mara tano, mara moja kila sekunde, kisha kukawa na kimya cha sekunde mbili, ni taarifa kwamba kuna tatizo la RAM, na limetokea kabla mashine haijaweza kuonyesha chochote kwenye skrini. Madabodi yako ilifanya kazi yake sawasawa: ilikagua RAM iliyowekewa, ikashindwa kuitumia, ikakwambia. Madabodi iliyokufa haiwezi hata kukulalamikia hivyo. Na kwa kuwa RAM ya zamani inawaka, njia yote ya umeme, prosesa na sloti uliyotumia ni nzima.

Sasa kwa nini RAM ya DDR3, yenye umbo sahihi, iliyoingia kwenye sloti bila kulazimishwa, ikataliwe? Hapa nitachukua muda kidogo, maana ukilielewa hili hutauziwa tena.

RAM ya kompyuta ya mezani inazungumza na prosesa kupitia njia 64 kwa wakati mmoja, kila njia ikibeba biti moja. Hakuna chipu moja inayobeba njia zote 64, kwa hiyo zile chipu nyeusi unazoziona zimepangwa kwenye kadi zinagawana mzigo. Kuna chipu zinazobeba njia nane kila moja. Zikiwa nane, njia 64 zimetimia. Kuna nyingine zinazobeba njia nne tu; hizo ni lazima ziwe 16. Kwenye lebo, zile za njia nane huandikwa x8, za njia nne x4. Chipu za x4 makao yake ya kawaida ni RAM za seva.

Fikiria ukuta wa masanduku ya posta. Mtu wa posta akitaka kufikia sanduku moja anahitaji kujua mstari wa kulala ni upi na safu ya kusimama ni ipi. Ndani ya chipu hali ni hiyo hiyo. Chipu ya DDR3 ya gigabiti 4 (sawa na nusu GB, maana biti nane ni baiti moja) ina kuta nane za namna hiyo. Ikiwa ni ya x8, kila ukuta una mistari 65,536 na safu 1,024, na kila sanduku lina biti nane. Ikiwa ni ya x4, mistari ni ile ile 65,536, lakini safu ni 2,048 na kila sanduku lina biti nne. Zidisha, utaona ujazo ni sawa kabisa. Tofauti ni kwamba ukuta mmoja umekuwa mpana mara mbili na masanduku yake yamekuwa madogo nusu.

Sehemu inayosoma RAM imo ndani ya prosesa yako. Intel walipoitengeneza kwa ajili ya kompyuta za mezani, waliifundisha kuhesabu hadi safu ya 1,024, basi. Prosesa nyingi za AMD za enzi ya soketi (kikalio cha prosesa kwenye madabodi) AM3 na FM2 ziliweza kuhesabu safu 2,048. Wafanyabiashara wa RAM za bei nafuu wakaiona nafasi hiyo: chipu za x4 zilizotoka kwenye seva zipo nyingi na ni rahisi, zikibandikwa kwenye kadi ya umbo la kompyuta ya mezani zinakuwa GB 8 ya bei ya chini, na kwenye mashine za AMD zinawaka. Kwa hiyo wanaandika AMD. Maandishi hayo ni onyo kwa mnunuzi, ingawa wengi tunayachukulia kama jina la kampuni. Na HP hawakuficha: kwenye kitabu cha vipuri cha kompyuta hizi wameandika kwamba RAM zilizojengwa kwa chipu za x4 hazikubaliwi.

Mimi mwenyewe niliumia na hili. Niliwahi kununua RAM kumi za GB 8 kwa ajili ya chumba cha kompyuta cha shule moja, mashine zote zikiwa za Intel, kwa sababu tu bei ilikuwa nzuri na muuzaji aliniambia DDR3 ni DDR3. Kumi zote ziligoma. Duka lilikataa kuzipokea, na pesa ilikuwa ya wazazi. Tangu siku hiyo sinunui RAM bila kusoma chipu yenyewe kwa tochi ya simu.

Nikufundishe kuisoma. Usitegemee kuhesabu chipu, maana RAM sahihi ya GB 8 ya DDR3 ina chipu 16, nane kila upande, na hiyo uliyouziwa pia ina 16. Angalia maandishi madogo juu ya chipu. Kama ni ya Samsung, yanaanza na K4B. Ukikuta K4B4G0846, hizo tarakimu 08 zinakwambia x8, chukua. Ukikuta K4B4G0446, ni x4, iache hapo hapo kaunta. Kwa Hynix, H5TQ4G83 ni nzuri kwako, H5TQ4G43 si yako. Micron hawaandiki namba ndefu juu ya chipu, wanaweka msimbo mfupi unaoanza na D9, kwa hiyo hiyo itabidi uutafute msimbo mtandaoni kabla ya kulipa. Na ukikuta chipu ambazo maandishi yake yamekwanguliwa au kufutwa kabisa, usibishane na mtu, nenda duka jingine.

Kuna mtego wa pili, na huu kuhesabu chipu kunasaidia kuugundua. Ukionyeshwa RAM ya DDR3 ya GB 8 yenye chipu nane tu, kila chipu hapo ni ya gigabiti 8, yaani GB 1. Prosesa za Intel za mezani za kizazi chako, na hata za kizazi cha nne kilichofuata, zinaishia chipu za gigabiti 4. Hiyo nayo itakupa milio mitano. Ndiyo sababu pia usikubali DDR3 ya GB 16 kwa kipande kimoja hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Sambamba na chipu, soma lebo ya karatasi kama ipo na ni ya kiwandani. Lebo nzuri kwako itakuwa na kitu kama 2Rx8 PC3-12800U. Umeshaijua x8; 2R ni makundi mawili ya chipu, kila kundi likitimiza njia 64. PC3 ni DDR3. Namba 12800 ni megabaiti ambazo RAM hiyo inaweza kupitisha kwa sekunde moja: mara milioni 1,600 kwa sekunde, kila mara baiti nane. Ndiyo maana RAM hiyo hiyo watu wengine wanaiita ya 1600. Herufi ya mwisho, U, ndiyo ninayotaka uikariri kuliko zote, kwa sababu inamaanisha RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Ukikuta R, ni ya seva na haitawaka kwako. Ukikuta E, ina chipu za ziada za kusahihisha makosa, na HP wanasema mashine hii itumie zisizo na chipu hizo. Ukikuta S, ni ya laptop, na hiyo utaiona kwa macho kwamba ni fupi. Ukikuta PC3L badala ya PC3 usiogope: hiyo inaweza kutumia volti 1.35, lakini ile 1.5 ya kompyuta yako pia inaikubali.

(Kwa msomaji mwingine mwenye 8300 ile ndogo kabisa, bapa kama kitabu: hiyo ndiyo inayotumia RAM fupi za laptop, na ina sloti mbili. Dada yetu tayari alishapachika RAM ndefu, kwa hiyo yake si hiyo.)

DDR4 haitaingia. Pengo lililokatwa kwenye ukingo wake halilingani na kinundu cha sloti yako, na pini zake ni 288 wakati DDR3 ina 240. DDR2 nayo ina pini 240 lakini pengo lake liko mahali pengine. Fundi akianza kukandamiza kwa nguvu, mshike mkono.

Kabla hujatoa tena pesa, kuna jambo nataka ulipime wewe mwenyewe, wala halihitaji fundi. Ngoja saa ya wateja, fungua kila kitu unachofungua kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda kwenye ukurasa wa utendaji (Performance), uangalie kumbukumbu (Memory, yaani RAM) na diski (Disk). Kwa GB 4, Windows 10 ikishatulia peke yake inakuwa imekwishameza karibu nusu, na sehemu nyingine inakopwa na picha, kwa kuwa i5-3470 haina kumbukumbu yake ya picha. Chrome anayebaki na kurasa sita za fomu anakuta hakuna pa kukaa.

RAM ikijaa, Windows haisimami. Inachukua vitu ambavyo havijaguswa kwa muda na kuvihamishia kwenye faili kubwa lililo kwenye diski, kisha inavirudisha unapovihitaji. Hapo ndipo uzito unapotokea. RAM inajibu ndani ya nanosekunde zisizofika mia moja au kama mia hivi. Hadidiski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inahitaji milisekunde zaidi ya nne kwa wastani kusubiri tu sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa, bado mkono wake haujasogea. Ukijumlisha yote unakaribia milisekunde kumi, ambayo ni kama mara laki moja ya muda wa RAM. Mteja anayekungoja ufungue barua yake anangojea sahani izunguke.

Kwa hiyo ukiona kumbukumbu iko asilimia 90 na kuendelea, na diski nayo iko 100, ni upungufu wa RAM, na diski inateseka kwa niaba yake. Ukiona kumbukumbu iko 60 na diski bado iko 100, RAM haitakusaidia sana. Fedha hiyo ipeleke kwenye SSD ya SATA, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini utakuta hali ya kwanza. Ila nakuomba upime, kwa sababu pesa ya duka dogo haina wa kuirudisha ikishatoka.

Hapo hapo kwenye ukurasa wa kumbukumbu utaona kasi ya RAM uliyonayo na sloti ngapi zimetumika kati ya nne. Andika kasi hiyo. Kisha fungua maelezo ya mfumo (System) uangalie kama Windows yako ni ya biti 32 au biti 64. Hili limewakwamisha wengi, maana mashine nyingi za mtumba zilipandishiwa Windows ya biti 32 na mtu aliyekuwa na flashi moja tu mfukoni. Windows ya biti 32 inahesabu anwani 4,294,967,296, yaani GB 4, na sehemu ya hizo inachukuliwa na vifaa vingine, ndiyo maana utaona imeandikwa GB 3 na pointi zinazoweza kutumika. Ukiwa na hiyo, hata ukijaza GB 32 hutaona tofauti. Prosesa yako ni ya biti 64, kwa hiyo dawa ni kupandisha upya Windows ya biti 64 baada ya kuhifadhi kazi zako pembeni.

Ya kununua ni ipi? Kama ningekuwa mimi mwenye duka hilo, ningenunua RAM moja ya GB 4, DDR3-1600, yenye herufi U na chipu za x8, niiunganishe na ile uliyonayo. Unapata GB 8, na unapata kitu cha ziada ambacho wauzaji hawakitaji: njia mbili (dual channel). Prosesa yako inaweza kusoma RAM mbili kwa wakati mmoja, kila moja kwenye chaneli yake, na badala ya GB 12.8 kwa sekunde unapata GB 25.6. Hiyo si namba utakayoihisi kila dakika, lakini kwa mashine inayokopa RAM kwa ajili ya picha inasaidia. GB 8 kwa kuchapa, kuskani, Chrome na fomu inatosha, nasema hivyo bila wasiwasi.

Kama bei ya GB 8 sahihi haijapishana sana na ya GB 4, chukua GB 8, ukae na GB 12. RAM zisizolingana ujazo zinakaa pamoja bila ugomvi: GB 4 za moja na GB 4 za nyingine zitafanya kazi kwa njia mbili, na GB 4 zinazobaki zitafanya kazi kwa njia moja. Kasi zikitofautiana, zote zitashuka kwenye ile ya chini. Ya 1600 ikikaa na ya 1333 zote zinakimbia 1333. Si tatizo la kukunyima usingizi. Zaidi ya hapo, GB 16 au 32, kwa kazi yako ni pesa iliyolala. Afadhali hiyo inayobaki iende kwenye SSD.

Sasa kupachika. Kwenye madabodi, pembeni ya sloti, kuna namba zilizochapwa: DIMM1 hadi DIMM4. Moja na mbili ni chaneli moja, tatu na nne ni chaneli nyingine. Usiweke RAM mbili kwenye moja na mbili, zitafanya kazi lakini kwa njia moja. Acha ya zamani ilipo, na kama iko kwenye tatu au nne, mpya iende kwenye moja ya zile mbili nyingine. Huenda ukakuta mchoro ndani ya mfuniko wa kasha unaoonyesha mpangilio. Ukifungua uangalie kabla ya kugusa chochote.

Zima kompyuta, kisha chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, maana kwenye mashine hizi umeme unaendelea kufika kwenye RAM muda wote waya ukiwa umechomekwa kwenye soketi yenye moto. HP wanataka usubiri kama sekunde 30 baada ya kuchomoa. Mimi hubonyeza pia kitufe cha kuwashia mara moja waya ukiwa nje, ili mabaki ya umeme yaishe. Shika chuma cha kasha kabla ya kushika RAM, na uishike kwa kingo zake, usiguse ile mistari ya dhahabu.

Duka lako lina mashine ya kopi, kwa hiyo utakuta vumbi la karatasi na pengine unga wa tona ndani ya kasha. Tumia brashi laini iliyo kavu au blowa, ukiwa umeshika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia kwenye sloti. Kama mistari ya dhahabu ya RAM ya zamani imefifia, kifutio cheupe cha penseli kinaisafisha, taratibu, kwa mwelekeo mmoja, kisha ifute kwa kitambaa safi ili chembe za kifutio zisibaki.

Fungua vishikizo vya pembeni mwa sloti, linganisha pengo la RAM na kinundu, kisha sukuma kwa vidole gumba pande zote mbili kwa usawa. Inahitaji nguvu zaidi kidogo kuliko watu wanavyotegemea. Imekaa pale vishikizo vinapojifunga vyenyewe na kutoa mlio. Nusu ya RAM ninazoletewa zikiitwa mbovu zilikuwa zimeinama upande mmoja.

Ukiwasha mara ya kwanza huenda ikasimama na ujumbe unaoanza na namba 164, ukisema kiasi cha kumbukumbu kimebadilika. Hiyo ni salamu, si kosa. Bonyeza F1 iendelee. Ukitaka kuhakikisha, ingia BIOS kwa F10 uone jumla iliyosomwa, au urudi Task Manager.

Na ikilia tena mara tano? Usiwe na haraka ya kumlaumu mtu. Toa zote mbili. Weka mpya peke yake kwenye sloti ambayo ya zamani ilikuwa inawaka. Ikilia, RAM ndiyo yenye shida. Ikiwaka, basi ijaribu kwenye ile sloti nyingine. Ikilia huko, sloti hiyo ina uchafu au imekufa, na bado una nyingine. Majaribio haya mawili yanachukua dakika kumi, na fundi anayetaka kukuuzia madabodi bila kuyafanya mbele yako hajakagua kitu.

RAM ya mtumba inaweza kuwaka vizuri na bado ikawa inaharibu data kimya kimya, siku unashangaa Word imefunga ghafla au faili la mteja halifunguki. Kwa hiyo usiku wa kwanza ifanyie jaribio. Memtest86+ ni ya bure, inawekwa kwenye flashi, unawasha kompyuta kutokea hapo, inazunguka ikiandika na kusoma kila kona ya RAM. Iache mpaka asubuhi, kompyuta ikiwa kwenye UPS kama unayo. Sifuri ndiyo namba pekee ninayoikubali. Hata kosa moja, rudisha. Kama hutaki flashi, Windows ina kipimo chake: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, kubali iwashe upya, si kikali kama kile cha kwanza lakini kinakamata RAM iliyoharibika waziwazi. Mwombe muuzaji akupe angalau siku tatu za kurudisha, na aandike hivyo kwenye risiti.

Muuzaji wa ile ya kwanza akikataa kuipokea, usiitupe. RAM hiyo huenda si mbovu. Uliza mafundi wa hapo Mwanza nani ana mteja mwenye madabodi ya AMD ya soketi AM3+ au FM2 inayotumia DDR3. Ijaribuni kwenye mashine yake mbele yenu wote wawili, na ikiwaka, muuzie kwa bei uliyonunulia au pungufu kidogo. Pesa hiyo ndiyo ya kununulia GB 4 unayoihitaji.